Mtego Namba Nne

Theodora Ntandu hakuanza na mtego namba nne, ingawa tangu mlangoni kila mtu alikuwa ameshauona. Alianza na namba moja, vilevile alivyoanza siku ya Jumanne alipoitundika mitego yote minane. Akapanda ngazi, akaushusha, akakaa juu ya gunia tupu. Akakifungua kijumba chake cha karatasi ngumu na kuwahesabu nondo walionasa kwenye gundi, akiwagusa mmoja mmoja kwa ncha ya koleo dogo.

“Wawili,” akasema, akaandika kwenye daftari.

“Dada, si uende tu kule kwenye nne?” Gaspari, stookipa wa godauni lile, alikuwa amesimama nyuma yake na funguo zake kiunoni. “Hata mimi kutoka hapa naona pamejaa.”

“Nitafika. Ngazi ni moja.”

Akaenda namba mbili. Hakukuwa na kitu. Akaandika sifuri, tena akaiandika vizuri, kwa mkono uleule alioandikia wawili. Waliowahi kufanya kazi na Theodora wanajua kwamba kwake sifuri ni jibu kamili.

Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Nje upepo wa Singida ulikuwa unapiga bati kama unaodai kufunguliwa. Godauni ni la Nitin Manji, nyuma ya soko la mjini, lililojengwa na babu yake. Mwisho wa mwezi wa sita walianza kuonekana nondo wadogo, bawa nusu rangi ya majivu, nusu rangi ya shaba, wakiruka kila jioni juu ya mahindi na karanga. Mwezi wa saba Nitin alileta mafundi, wakafunika magunia kwa turubai na kuweka vidonge vya kufukiza wadudu. Nondo wakaisha. Baada ya wiki nne wakarudi, na safari hii ndipo alipoitwa Theodora, mkaguzi wa wadudu wa maghala.

Lori la mnunuzi kutoka Dodoma, mtengenezaji wa unga wa lishe, lilikuwa linakuja Ijumaa. Mnunuzi alishasema kwa simu kwamba akiona funza mmoja, anageuza gari. Na Gaspari alishamwambia bosi wake chanzo: mifuko ya karanga ya kina mama wa Ikungi, iliyoingia mwanzoni mwa mwezi uleule wa sita. Nitin akampigia mwenyekiti wao. Kama mpaka Ijumaa hakuna chanzo kingine, mifuko inarudi Ikungi, na mnunuzi ataambiwa kwa nini.

Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amesimama pale pale karibu na mifuko yake, khanga kaifunga kiunoni kama anayekwenda kulima. Jina lake Magreth, lakini watu wote humwita Mama Elisha. Wanawake thelathini na sita walikuwa wamepanda karanga zile, na kwa mara ya kwanza jina la kikundi chao lilikuwa limeandikwa kwenye mifuko. Karanga ikirudi inaweza kuliwa nyumbani. Jina likirudi hivyo, nani atalichukua tena?

“Namba tatu, watatu,” akasema Theodora.

Halafu akasogeza ngazi mpaka mwisho wa godauni, upande wa magharibi. Mtego namba nne ulikuwa unaning’inia juu kabisa ya mifuko ya Ikungi, hatua moja kutoka ukutani. Akaushusha. Gundi ilikuwa haionekani kwa mabawa.

Akahesabu polepole. Akarudia.

“Thelathini na moja.”

Gaspari aligeuka. Alimtazama tu Mama Elisha, halafu bosi wake.

“Umeniangalia mimi kwani nina mabawa?” akauliza Mama Elisha.

“Mimi sijasema kitu, mama.”

“Umesema tangu mwezi wa sita. Leo umepumzika.”

Nitin akajikuna shingo. Alikuwa mtu mpole wa miaka arobaini hivi, asiyependa kelele mbele ya magunia. “Mama mkaguzi, hii si imeshakuwa wazi?”

“Imekuwa wazi kwamba hapa wamenasa wengi,” akasema Theodora. “Kwamba wametoka wapi, bado. Ngoja nimalize minne iliyobaki.”

Akamaliza. Wanne, mmoja, sifuri, wawili. Ndipo akarudi na mtego namba nne mkononi, akawaonyesha kijimpira cha rangi ya matofali kilicholala katikati ya gundi, kidogo kama punje ya choroko.

“Hiki kimetiwa harufu ya nondo jike. Sisi hatuisikii. Dume akiisikia anadhani kuna mchumba, anakuja, ananasa. Kwa hiyo wote hawa ni madume. Jike anayetaga mayai humwoni hapa hata mmoja.”

“Kumbe hata nondo wanaponzwa na hilohilo,” akasema Gaspari, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akacheka.

“Wewe ungekuwa wa kwanza kwenye gundi,” Mama Elisha akamjibu, na Nitin akageuka ukutani kuficha meno.

Theodora aliwaacha wacheke. Alikuwa anautazama mfuko wa chini kabisa kwenye safu ya Ikungi. “Mama Elisha, naomba nifungue huu.”

Gaspari akawa ameshachomoa bambo lake, kile chuma chenye mfereji cha kuchomea gunia ili kutoa punje za katikati. Mama Elisha akamzuia kwa mkono mzima.

“Huo mchuma wako hapana! Mifuko hii ina tabaka tatu, ndani mna nailoni mbili. Ukiitoboa umeiua. Inafunguliwa mdomoni, kwa mkono, na mwenye mfuko anakuwepo. Ndivyo tulivyofundishana.”

“Hata siku ya kupokea alinisumbua hivihivi,” akanung’unika Gaspari.

“Na ukafungua mdomoni?” akauliza Theodora.

“Nikafungua. Nikachota kwa kikombe, nikafunga. Kila mzigo unaoingia hapa nachukua sampuli, dada. Sijawahi kuruka hata mmoja. Miaka kumi na moja.”

Theodora akaandika kitu kwenye daftari, halafu akasaidiana na Mama Elisha kushusha mifuko mpaka ule wa chini. Fundo la kwanza lilikuwa limekunjwa na kufungwa kwa mpira, la pili vivyo hivyo, la tatu pia. Yamefungwa na mtu mwenye subira. Lilipofunguka la mwisho, ilitoka harufu ya shamba siku ya kung’oa karanga. Theodora akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa karanga za chini kabisa, akazimwaga kwenye karatasi nyeupe. Hakuna utando, hakuna vumbi, hakuna funza. Akafungua mifuko mingine miwili. Hali ileile.

“Nimezunguka maghala mengi,” akasema, akiwa bado amepiga magoti. “Mafundo kama haya nimeyaona mara mbili tu.”

Mama Elisha aliinama. Alianza kuyafunga upya, moja baada ya jingine, na haraka hakuwa nayo.

Wakati huo mama yake Nitin, bibi Champa, akaingia kwa mlango mkubwa wa mashariki na kopo lake la bati. Nyumba yao imepakana na godauni, na kila asubuhi hupita pale kwenda kuwamwagia njiwa mtama uwanjani.

“Shikamoo mama,” Theodora akainuka.

“Marahaba, mwanangu. Umewapata?”

“Bado. Naomba nione kopo lako.”

Nitin akashtuka. “Mama mkaguzi, hilo ni la sadaka ya ndege. Baba alipofariki...”

“Mwache aone,” akasema bibi Champa, akalinyoosha.

Theodora alikuwa na sababu. Kopo la nafaka linalokaa mwaka mzima kwenye kona, na mtu anaongeza mpya juu ya zamani, ndilo nondo wanaloliombea. Akaliinamisha kwenye mwanga. Chini kulikuwa kunang’aa.

“Kila Jumamosi naosha, naanika juani mpaka liunguze mkono,” akasema bibi Champa. “Ya zamani nawapa kwanza, ndipo naweka mpya. Unafikiri njiwa wangu wanakula takataka?”

“Sifikiri tena, mama. Laiti wenye maghala wote wangekuwa na akili ya kopo hili.”

Bibi Champa akamtazama mwanawe kama kusema, umesikia?

Basi mifuko ilikuwa safi na kopo lilikuwa safi, na madume thelathini na moja bado walikuwa kwenye gundi. Theodora akasimama katikati ya godauni, uso ameuelekeza juu. Kulikuwa na matundu ya hewa upande wa mashariki, chini ya paa. Upande wa magharibi kulikuwa na ukuta ule wa mwisho, na ukuta ule haukufika juu. Kati yake na bati paliachwa nafasi ya kama dhiraa mbili.

“Bwana Nitin, nyuma ya ukuta huu kuna nini?”

“Ofisi ya Gaspari.”

“Wale mafundi wa vidonge waliweka na huko?”

“Ofisini hakuna chakula,” akajibu Gaspari kabla ya bosi wake. “Ndiyo maana hata wewe Jumanne nilikwambia mtego wa tisa usiuharibu bure kule. Mimi hata chai nainywea nje. Uliza.”

“Ni kweli,” akasema Nitin. “Hata biskuti haingii mle.”

Theodora akatikisa kichwa kukubali. Aliiweka mitego yote minane kwenye ndoo yenye kifuniko, akaibana. “Mama,” akamwambia bibi Champa, “udi wa vijiti unao nyumbani?”

“Nyumba gani ya kwetu ikose udi?”

Akauleta mwenyewe, vijiti vitatu na kiberiti. Theodora alipanda ngazi tena, akashika kijiti kimoja mahali palepale uliponing’inia mtego namba nne, akakiwasha, akatulia. Moshi ulipanda kidogo, ukayumba, halafu ukalala kama kamba iliyovutwa. Ukapita juu ya mifuko ya Ikungi, ukapita juu ya ukuta, ukapotea upande wa pili. Gaspari alikuwa ameingia ofisini kufuata kitabu chake cha mapokezi. Sauti yake ikatoka huko:

“Nani anafukiza udi humu?”

 Mama Elisha alikuwa ameziba mdomo kwa khanga.

Theodora akashuka, akazima kijiti kwa mate. “Harufu ya mtego inakwenda na upepo, kama moshi huu,” akamwambia Nitin taratibu. “Dume akiisikia anaifuata kurudi inakotoka, anapambana na upepo mpaka afike. Basi nikitaka kujua wametoka wapi, sitazami mtego uko juu ya nini. Natazama upepo ulikuwa unaelekea wapi.”

Nitin akautazama ukuta kwa muda mrefu.

“Na vidonge viliua kila kitu humu ndani,” Theodora akaendelea. “Nondo hawafufuki. Waliorudi baada ya wiki nne walikuwa wamekaa mahali ambapo vidonge havikufika.”

Gaspari alikuwa amerudi mlangoni, kitabu kifuani. Alikuwa ameyasikia ya mwisho. Angeweza kubisha, na wote walingoja abishe. Akazitoa funguo kiunoni, akachagua mmoja, akaunyoosha.

“Weka mitego yako, dada. Mimi sitaingia mpaka kesho. Kisije kikasemwa kitu.”

Theodora akafunga mitego mitatu ofisini mchana ule: mmoja dirishani, mmoja mlangoni, mmoja juu ya kabati la mbao lililokuwa nyuma ya kiti. Kwa kila mmoja alivaa glovu mpya, maana harufu ikihamia kwenye kidole, kidole nacho kinaanza kudanganya. Akafunga mlango, akampa ufunguo bibi Champa alale nao.

Ijumaa saa moja asubuhi walikuwa wote pale. Dereva wa lori alishapiga simu kutoka Manyoni.

Theodora alianza na dirisha. “Sita.” Akaenda mlangoni. “Tisa.” Akasogeza kiti cha Gaspari, akapanda juu yake, akaushusha ule wa juu ya kabati. Huu aliuhesabu mara tatu.

“Hamsini na saba. Kabati hili lina nini?”

Gaspari alikuwa amesimama kizingitini.  “Sampuli,” akasema.

Theodora akashuka kitini.

“Hizo si chakula,” akaongeza, sauti imeshuka. “Hizo ni ushahidi.”

Na kwa haki yake lazima isemwe: ulikuwa ushahidi uliotunzwa kama hakuna mwingine katika mkoa ule. Wenzake huweka sampuli miezi mitatu na kuzimwaga. Lakini mwaka mmoja mkulima mmoja alidai mahindi yake yamebadilishwa, karibu watu washikane mashati, na Gaspari akaingia ofisini, akatoka na bahasha ya kaki yenye jina la mkulima yule, tarehe, na kikombe kimoja cha mahindi yenyewe. Ugomvi ukaisha palepale. Tangu siku hiyo hakutupa hata bahasha moja.

Theodora akafungua milango ya kabati. Kwa juu bahasha zilikuwa zimepangwa kwa mwezi na mwaka, pembe kwa pembe, unaweza kupitisha rula. Kwa chini utando mweupe ulikuwa umezishona zikawa kitu kimoja, na funza wembamba walikuwa wanapanda ubao kuelekea kwenye nafasi ya juu ya ukuta.

“Wewe utasoma,” akamwambia Gaspari. “Mimi nitaandika. Maandishi ni yako, hakuna anayeyajua kukuzidi.”

Alimpa bahasha ya kwanza, ya juu kabisa.

“Karanga. Kikundi cha Ikungi. Tarehe tatu mwezi wa sita.”

“Ina tundu moja,” akasema Theodora, akaisogeza kwenye mwanga, Mama Elisha akachungulia naye. “Angalia karatasi. Kingo zimeingia ndani. Aliyetoboa alikuwa nje, akawa anaingia. Na humu kuna funza mmoja, mchanga. Huyu ni mgeni.”

“Mgeni,” akarudia Mama Elisha, kwa sauti ya mtu anayefunga fundo la tatu.

Wakashuka, rafu kwa rafu. Mahindi ya mwaka jana, kingo ndani. Mtama wa mwaka juzi, kingo ndani. Kadiri walivyoshuka, ndivyo matundu yalivyozidi na ndivyo vumbi lilivyozidi, mpaka wakafika kwenye rafu ya mwisho, kwenye kona, ambapo kulikuwa na bahasha moja nene iliyogeuzwa uso chini. Karatasi yake ilikuwa imetobolewa kila mahali, na kingo zote zilikuwa zimetokeza nje. Ndani, vifuko vitupu vya nondo wa zamani vilijaa kama makapi ya uwele. Walizaliwa humo, wakatoka humo, vizazi kwa vizazi.

Theodora hakuigeuza. Akampa kama ilivyo.

Gaspari akaigeuza mwenyewe. Akasoma kimya, na shingo yake ikasimama. Palikuwa na umbali wa hatua tatu kati yake na watu wengine, na maandishi yalikuwa yamefifia. Angesema hayasomeki, nani angembishia? Akakohoa, akasoma kwa sauti ya kutosha mpaka mlango mkubwa:

“Karanga safi. Mfano wa kuonyesha wakulima. Kutoka shamba la Gaspari.”

Kalamu ya Theodora ilisimama. Halafu akaandika, neno kwa neno kama lilivyosomwa, na chini yake akaongeza: *imesomwa na mwenyewe.*

“Ndiyo ya kwanza kabisa niliyoweka,” akasema Gaspari. “Miaka kumi na moja. Nilikuwa nawaonyesha watu, karanga inayotakiwa ni kama hii.” Akaiweka mezani taratibu kama kitu kinachoweza kuvunjika. “Bosi, lori likija pakia mifuko ya Ikungi kwanza. Kabati hili nalitoa leo, nachoma kila kitu. Na mnunuzi nitamwambia mimi.”

“Utamwambia nini?” akauliza Nitin.

“Kwamba stoo ilikuwa na nondo na nondo walikuwa wangu.”

Nitin akamshika bega.

Gaspari akatoka kizingitini, akasimama mbele ya Mama Elisha, mikono nyuma. Akamwambia kwa Kinyaturu, maneno machache ambayo Nitin hakuyaelewa na hayakuhitaji kutafsiriwa. Mama Elisha akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaiangalia ile bahasha pale mezani, yenye matundu mengi kuliko karatasi.

“Zilikuwa karanga nzuri?” akauliza.

“Zilikuwa nzuri sana, Mama Elisha.”

“Inaonekana. Hawakubakiza.”

Gaspari akacheka, kicheko cha mtu aliyekuwa anangojea kofi. Nje honi ya lori ikalia mara mbili. Yeye ndiye aliyekimbia kufungua mlango mkubwa, na mfuko wa kwanza uliotoka godauni asubuhi ile ulikuwa juu ya bega lake, mdomo umefungwa mara tatu, jina la kikundi limetazama nje.

Theodora alibaki ofisini. Akavaa glovu mpya, akachukua mtego usiotumika, akautundika juu ya mahali ambapo kabati lingetolewa. Kwenye daftari akaandika namba kumi na mbili, na mbele yake akaacha nafasi tupu. Alitaka siku moja airudie, aijaze kwa sifuri.